Nyumba ya Mufano

Siku ya tatu ya juma, mbele ya saa mbili ya asubui, Karani Polycarpe alifika ku nyumba ya wageni ya Rukoma na matope mpaka ku magoti. Alivua viatu, akavigonganisha, akavivaa tena, halafu akatoa kaye yake ya jalada nyeusi na kuandika kitu cha kwanza alichokiona: milango ine, kufuli ine.

Nyuma ya kila mulango alikaa muzungu mumoja wa iniversite. Ule mwaka wa 1956 walitumwa wane pamoja kutoka Ulaya, waje kutafuta elimu mu milima ya Masisi na mu pori ya Walikale, kila mutu na elimu yake, na hakuna aliyeingilia ya mwenzake. Watu wa kilima walishindwa na majina yao, wakawapa ya kazi. Bwana Mawe alivunja mawe na kuyaandikia nambari. Bwana Majani alikausha majani katikati ya magazeti ya zamani. Bwana Maziwa alipima maziwa ya ngombe, ajue ngombe inayokula nini inatoa mafuta kiasi gani. Na Bwana Maneno alikusanya maneno: aliwakalisha watu, akawapa chai yenye sukari nyingi, akawauliza kila kitu kinaitwa namna gani kwao, hata vitu ambavyo mutoto wa miaka mitatu anajua.

Ku baraza polisi Grégoire alikuwa amenyosha miguu. Kando yake alikaa Semana, mikono mu pingu.

Huyu Semana alikuwa mutumishi wa Bwana Maziwa. Wao wawili tu njo walikuwa na funguo ya chumba cha chupa. Siku ya kwanza ya juma, kiisha siku ya Mungu, asubui, chupa kumi na moja zenye maziwa hazikuonekana mu sanduku, na kufuli ilikuwa nzima. Bwana Administrateri wa Masisi alisema kwa ufupi: siku ya ine, saa sita ya muchana, kamyo inashuka Sake na Goma, kama chupa hazijaonekana, Semana anapanda nayo, anaingia gereza. Polycarpe, karani wa tribinali, korti ya hapo, alitumwa kwenda kuandika. Kama ni kuandika tu ao kutafuta pia, Bwana Administrateri hakueleza.

"Karani, umekuja kumuaga?" Grégoire akasema. "Nimemwambia abebe blangeti. Ku gereza ya Goma upepo ya ziwa inaingia mpaka mu mifupa."

"Punguza maneno, Grégoire. Siku ya Mungu ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Bazungu bote balienda misa, Bwana Mawe tu eko mu pori, mi nikabaki kuchunga nyumba."

"Nani alipita?"

"Batu ya kwenda misa, batu ya kutoka misa. Na mama mumoja akaniuliza kitu ya kuchekesha. Ati, 'Polisi, Mufano anakaa wapi?' Nikamujibu, mama, mu hii kilima najua kila mutu mwenye alishapigana ku pombe, na Mufano hayuko mu hesabu."

"Mama gani?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Alijifunika kitambaa mpaka ku macho. Mi chini ya paa, yeye ku njia."

Polycarpe aliandika: Mufano. Mwanaume? Mununuzi wa chupa? Akapiga mistari miwili chini ya lile jina. Halafu akachuchumaa mbele ya Semana.

"Papa Semana, unamujua Mufano?"

"Sijue."

"Siku ya Mungu ulifungulia nani mulango?"

Semana alitazama pingu. "Andika kama sikufungulia mutu."

"Niandike kama hukufungulia mutu, ao niandike kama unasema hukufungulia mutu?"

"Iko tofauti?"

"Ku tribinali iko."

Semana akageuza uso. Chini, ku ngazi, muke wake Emérita alikuwa amekaa, mutoto wao Drocella ku magoti, na viazi ndani ya jani la ndizi. Tangu asubui hakuna aliyevigusa.

"Baba Drocella, sema!" akapaza sauti. "Unataka nimulee huyu mutoto peke yangu, nimwambie baba yake alifia kimya?"

"Nyamaza, Mama Drocella."

Polycarpe aliandika hata hiyo.

Bwana Maziwa alimufungulia chumba chake mwenyewe. Alikuwa muzungu murefu, mwenye kuinamisha kichwa ku kila mulango hata ule usiomugusa. Polycarpe hakugusa kitu kwanza. Alisimama katikati, akazunguka polepole. Meza moja, mizani moja, dirisha moja lenye vyuma. Beseni ya maji na kitambaa safi. Hakuna jiko, hakuna majivu, hata kiberiti. Ku ukuta, sanduku la mbao lenye matundu makumi ine; ku makumi mbili na kenda mulikuwa chupa, ku kumi na moja mulikuwa giza tu. Nyuma ya mulango, sanduku lingine.

"Hili lina nini?"

"Chupa tupu. Makumi tatu. Zilifika siku ya posho, Jumamosi, hazijaguswa."

"Mwizi wa chupa anaacha makumi tatu nyepesi ku mulango, anabeba kumi na moja nzito?"

"Labda anataka maziwa."

"Maziwa ya siku ngapi?"

"Mengine siku kumi na moja. Lakini hayanyweki, Karani. Ninatia matone matatu ya dawa mu kila chupa, yasiharibike mpaka yafike Ulaya. Kama kuna mutu aliyekunywa, tungekuwa tumeshasikia kilio."

"Zile kumi na moja zilikuwa za ngombe moja?"

"Moja. Nambari saba. Chupa moja kila siku; ngombe zingine chupa moja ao mbili tu."

"Ya nani?"

Bwana Maziwa akafungua mikono. "Mimi najua nambari tu. Njo kanuni ya kazi yetu: anayepima asijue mwenye ngombe, asije akampendelea. Anayejua ni Semana."

Polycarpe alirudi ku baraza. "Papa Semana. Nambari saba ni ngombe ya nani?"

Semana alifunga macho kama mutu aliyepigwa na jua.

"Haya," Polycarpe akasema, akageuka. Mutu anayeiba kwa faida yake anasema uongo. Huyu hakusema hata uongo. Polycarpe aliandika: anaficha mutu, si chupa.

Aliporudi mu chumba alipiga magoti, akaangalia chini ya meza. Huko, karibu na ukuta, kulikuwa mukunjo wa majani makavu, umefumuka nusu, mukubwa kama sahani. Akauchukua na vidole viwili, akaufunga mu kitambaa cha mukono.

Grégoire akamuita kwa mukono. "Karani, mi nilisahau kitu. Siku ya Mungu, kiisha misa, Sebahire alishuka njia ya Kashebere na gunia. Na gunia ilikuwa inalia ngli, ngli, ngli. Anarudi leo."

"Na unanipa hii sasa?"

"Ulinikataza maneno."

Sebahire alikuwa mubebaji wa Bwana Mawe. Polycarpe alimungoja ku kona ya njia mpaka karibu na saa sita. Alikuja anapanda, jasho mpaka ku mukaba, gunia ku bega, na gunia ililia kweli.

"Tua, kaka. Fungua."

"Karani anataka kunisaidia kubeba? Mungu amesikia!" Sebahire alitua gunia, akalimwanga lote ku majani. Mawe. Mawe meusi, mawe yenye kumetameta, na ku kila moja kibati kidogo chenye nambari, kimefungwa na waya. Vibati njo vilikuwa vinagongana.

"Siku ya Mungu nilimupelekea Bwana Mawe vibati vitupu, leo navirudisha na mawe yake," Sebahire akasema. "Muzungu anapita mu pori ya Walikale mwezi muzima, anaacha ndizi, anaacha asali, anabeba hii. Na unipangie vizuri, nambari ifuate nambari, ao yeye atalia."

"Huko Kashebere kuna mutu anaitwa Mufano?"

"Mufano?" Sebahire alikuna shingo. "Sijasikia. Amekosa nini?"

"Bado sijue."

Wakapanga mawe wote wawili, moja mpaka makumi tano na mbili, na Polycarpe akafuta mu kaye mustari aliouandika juu ya gunia.

Kwa Bwana Majani alifungua kitambaa cha mukono ku meza. Yule muzungu akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akafumua jani moja na kikoleo chake chembamba.

"Hili linaota juu, mahali ngombe zinalala, kwa sababu ya mbolea. Mu mashamba huku chini halipo. Nilitafuta mwezi muzima. Lilikatwa siku tatu ao ine zilizopita. Lakini ni nani aliyelizungusha hivi?"

"Ni ngata, Bwana. Ya kutia ku kichwa chini ya muzigo."

Polycarpe alisimama pale akiitazama. Mama wa walimaji, kama Emérita, anabeba ku mugongo, kamba ikipita ku paji la uso. Hana kazi na ngata. Mama wa wafugaji anabeba maziwa yake ku kichwa. Kwa Semana, tangu nyanya yake, hakuna aliyevaa hicho kitu.

"Naomba uniachie," Bwana Majani akasema. "Sina hata moja mu mukusanyo."

"Ni ya tribinali kwanza."

"Basi niipe nambari tu." Na akaipa.

Wafugaji wenye kuleta maziwa walikuwa nyumba makumi mbili. Kabla ya kupanda kilima kizima mulango kwa mulango, Polycarpe aligonga ule wa ine wa nyumba ya wageni. Aliwaza hivi: mutu anayekusanya maneno lazima amekusanya na majina.

Bwana Maneno alikuwa kijana mwenye wino ku midomo. Alisema Kiswahili cha kitabu, kila neno limepigwa pasi. Ukuta muzima ulikuwa masanduku ya fishi, vile vikaratasi vigumu, neno moja ku kila kimoja.

"Mufano?" Alivuta sanduku la M, akapitisha kidole. "Muferi, mufu, mufungo... Hapana, Karani. Sina mtu wa jina hilo."

"Hapa wanakuja mama za wafugaji?"

"Wanakuja, lakini mmoja ameniumiza moyo. Jumamosi nilikuwa namwuliza maneno ya maziwa. Alikuwa hodari! Alinipa maneno ishirini na nane: maziwa ya asubuhi, maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana, povu, kila kitu. Tukafika kwenye neno moja, akaweka kikombe chini, chai nusu, akaenda zake. Tazama."

Akamupa fishi. Juu iliandikwa: kuchemsha maziwa. Chini, mahali pa jibu, hakuna kitu. Na ku pembeni, kwa kalamu ya risasi: aliondoka.

Polycarpe alijua vya kutosha juu ya wafugaji kuona kwamba neno hilo si zuri. Kwao maziwa hayaonani na moto. Maziwa yakipikwa, kiwele cha ngombe kinapasuka, ngombe inakauka. Njo vile wanavyosema, na hakuna anayetaka kujaribu ku ngombe yake. Lakini mutu hakimbii chai kwa sababu ya neno.

"Ulimuuliza namna gani, Bwana? Uniambie kama ulivyosema, usipunguze."

"Kama ninavyouliza siku zote. Ninatunga sentensi ndogo, atafsiri. Nilimwambia: kwa mfano, Bwana anachemsha maziwa ya ng'ombe wako. Unasemaje kwa lugha yako?"

Polycarpe aliweka kalamu chini.

"Rudia. Mwanzo tu."

"Kwa mfano."

"Tena."

"Kwa mfano. Karani, kuna kosa?"

Polycarpe alifungua kaye, akatazama lile jina lenye mistari miwili. Akachukua kalamu na kuandika kando yake: haishi popote.

"Ule mama ni nani?"

"Mama Mukabaranga. Anakaa juu, karibu na msitu wa mianzi."

Alipita kwanza mu chumba cha chupa. Alitoa zile tupu moja moja, akazipanga ku sakafu, Bwana Maziwa akimusimamia juu ya kichwa. Hazikuwa makumi tatu. Zilikuwa makumi ine na moja. Makumi tatu zilikuwa na vumbi la njia ya Goma. Kumi na moja ziling'aa, na ku kila moja ya zile, mahali etiketi ilikuwa, kidole kilinata kidogo na gundi.

"Siku tatu mutu yuko mu pingu," Polycarpe akasema, "na hakuna aliyehesabu chupa tupu."

Bwana Maziwa akainama, akazihesabu tena yeye mwenyewe.

Mukabaranga alikuwa anapangusa kyansi, chombo chake cha mbao cha maziwa, ku mulango wa lupango, ua wa nyumba yake. Mama wa miaka karibu makumi sita, musalaba mudogo ku shingo. Nyuma yake ngombe moja nyekundu ilikuwa inamulamba mugongo wa nguo.

"Mama, amani."

"Amani, mwana wangu. Keti. Kunywa kwanza." Akamumiminia. Polycarpe akanywa yote, maana kuacha ni tusi.

"Ngombe iko na afya, Mama?"

"Gaju? Sasa iko vizuri. Juzi nililia."

"Kwa sababu ya Mufano?"

Mukono wa mama ulisimama ku kyansi. "We unamujua! Eko wapi? Nimeuliza kila mutu! Polisi akanicheka. Siku ya posho ule Bwana wa chai ananiambia mu macho, bila haya: kwa Mufano, Bwana anachemusha maziwa ya ngombe yako. Anasema vile kama anasema mvua imenyesha! Nikafika hapa, nikashika Gaju ku kiwele, iko moto. Nikawaza, zile ziko bado mu sanduku, kesho zitaenda kwa Mufano, zitapikwa zote. Ngombe yangu itabaki ngozi tu."

"Ukafanya nini?"

"Nilichukua yangu. Siku ya Mungu, bazungu beko ku misa, polisi analala ku baraza, nikamwambia Baba Drocella, nimesahau ngata yangu mule ndani, nifungulie. Akafungua, akaenda kuteka maji ku chemchem. Nikamwanga maziwa mu kyansi, chupa moja, chupa moja. Njo ile ngata nikaisahau kweli. Nilikuwa natetemeka."

"Ulijua namna gani zipi ni zako?"

"Sikusoma, lakini ile alama nimeiona kila asubui anaibandika ku chupa yangu. Iko kama jembe." Akaichora hewani: saba.

"Na maziwa?"

"Nilimwanga hapa ku mulango, chini, Gaju ione imerudi. Ilikuwa inanuka dawa."

"Chupa?"

"Chupa ni ya Bwana!" Sauti yake ikapanda. "Miye mwizi? Nilizisafisha mu beseni yake, nikaziweka na wenzake."

Polycarpe aliandika mpaka mwisho wa mustari. "Mama, kwenu ku misa mafundisho mnasoma mu luga gani?"

"Kinyarwanda. Juu ya nini?"

"Mufano si mutu. Ni neno ya Kiswahili, ya shule na ya mafundisho. Mutu akitaka kutunga kitu isiyokuwa, ili akuulize namna ya kusema, anaanza na neno ile. Hakuna moto, Mama. Nimeangalia ule chumba. Hata kiberiti hakuna."

Mukabaranga alipangusa kyansi tena, mara mbili. Gaju ikamulamba tena.

"Basi alinitungia uongo, akanipa na sukari?"

"Karibu vile. Mama, tangu siku ya Mungu hukushuka?"

"Nilikuwa nachunga Gaju."

"Semana eko na pingu. Kesho wanamupeleka Goma kwa sababu ya chupa zile. Nimemuuliza mara mbili ni nani aliingia, na mara mbili amekataa."

Alisimama mara moja, kyansi ikaanguka, na hakuiokota. "Baba ya Drocella? Miye njo nilimushika ule mutoto ku batizo! Nipe fimbo yangu."

Siku ya ine kamyo ilifika saa tano na nusu, na Bwana Administrateri mbele. Alisoma kaye ya Polycarpe akiwa amesimama. Ku ukurasa wa mwisho iliandikwa: Chupa zilizokuwa: sabini. Chupa zilizoko: sabini. Kilichotoka mu nyumba: maziwa ya ngombe nambari saba, yaliyochukuliwa na mwenye ngombe.

"Na huyu Mufano, mununuzi?"

"Ni neno, Bwana. Bwana wa mulango wa ine ataeleza."

Bwana Maneno alieleza, masikio yake mekundu. Bwana Maziwa akasema yeye hana mashitaki tena. Amepoteza siku kumi na moja za nambari saba, na mu kitabu chake ataacha mahali patupu. Bwana Administrateri akarudisha kaye, akanyosha kidole upande wa Grégoire, na pingu ikafunguka.

Emérita alianza kucheka na kulia pamoja. Semana alisugua mikono, akaingia mu chumba, akarudi na chupa moja, akaiinua ku jua.

"Mama Batizo," akasema, "hizi umezisafisha kunipita."

"Nilikuwa na kasirani," Mukabaranga akajibu. "Na we, siku nyingine ukiulizwa jina yangu, utaje! Mi niko na mudomo wa kujitetea. Na hii maziwa, nitaleta tena kesho. Lakini nasimama mule ndani mpaka mwisho, niangalie kwa macho yangu."

Halafu akamugeukia Bwana Maneno. "Na we, leta ile karatasi. Andika: Bwana hakuchemusha. Nitakuambia namna tunasema." Akamwambia, mara mbili, polepole, na kijana akaandika, ulimi ukimutoka ku pembeni ya mudomo.

Saa sita kamyo iliondoka. Grégoire alikuwa tayari ameandikwa kwenda, ilibidi aende. Mahali walipokuwa wamepanga kumuweka Semana waliweka sanduku la matundu makumi ine, chupa makumi mbili na kenda ndani, limefungwa na kamba lisianguke, na kufunikwa blangeti. Grégoire alikaa kando yake, bunduki mu magoti.

Ku Sake, watu wa soko wakasogea ku kamyo.

"Polisi, unamupeleka nani Goma?"

Grégoire alipapasa blangeti.

"Mufano," akasema.